Mwaka Niliojifunza Kuongea na Mama Akoth

Siku ile niliyokwenda Oyugis kumwomba mjukuu, sebuleni tulikuwa hawa. Mimi Kerubo wa Nyacheki, mamake Ombati, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Nyaboke, binti yangu, dadake Ombati, fundi wa nguo pale Masimba, aliyenisindikiza lakini akaapa kwamba hatafungua mdomo. Akoth, mke wa Ombati, sasa mjane wake, amekaa karibu na mlango wa jikoni na kitambaa kichwani. Mwenye nyumba, Rosbela, mamake Akoth, ambaye aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Mosocho tangu Akoth akibebwa mgongoni. Na chumba cha ndani, amelala, Kemunto, mtoto wa Ombati na Akoth, ambaye upande ule wa Oyugis, kwa Wajaluo, wanamwita Adhiambo kwa sababu alizaliwa jioni. Shemeji yangu Onchari, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuwako. Nilihakikisha hayuko.

Ninayataja majina haya kwa sababu Rosbela tumemzika mwezi huu. Kwenye mazishi nilipewa nafasi niseme kidogo, nikasema, na watu wa huko wakaniuliza mwanamke wa Kisii wa umri wangu, aliyeacha shule darasa la tatu, Kiswahili hiki alikitoa wapi. Nikawaambia nilifundishwa na simu. Walicheka wakadhani ni utani wa kupunguza msiba. Si utani. Ndiyo nimekaa niandike ule mwaka ulivyokwenda, kabla sijaanza kuchanganya. Mambo ya ukoo wetu na nani alizaa nani siyaandiki, hayo wanayo wazee. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza bila Ombati.

Baada ya matanga Akoth alikaa kidogo, kisha akarudi kwao na mtoto. Sikumlaumu. Viatu vya Ombati vilikuwa bado mlangoni na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvisogeza, kila mtu alikuwa anaviruka. Lakini Kemunto alipoondoka nyumba yangu ilinyamaza mpaka nikawa nasikia kuku wakitembea. Nikamwomba Onchari twende tukamwone mtoto. Onchari anajua Kijaluo, aliuza ndizi huko alipokuwa kijana. Mimi Kijaluo sikijui, na Kiswahili changu kilikuwa cha soko: ngapi, punguza, ongeza moja, njoo kesho. Tukafika, tukakaribishwa vizuri, tukaketi. Nikamwambia Onchari kwa Ekegusii, "Mwambie korera kwamba nyumba yangu imenyamaza. Shule zikifungwa ningefurahi mtoto akinitembelea." Korera ndivyo tunavyoitana kwetu sisi wazazi ambao watoto wetu wameoana. Maneno yangu yalikuwa mafupi. Ya Onchari yalikuwa marefu, na aliyasema akigonga meza kwa kidole. Rosbela alikuwa anamimina uji, akaacha, akaweka birika chini. Akoth akaangalia sakafu. Tulipewa chakula, tukala, na wakati wa kuondoka hakuna aliyetusindikiza hata hadi kwenye ua.

Njiani nikamwuliza, "Onchari, umemwambia nini yule mama?"

"Nimemwambia ulichosema, shemeji."

"Mimi nilisema maneno kidogo."

"Kijaluo ni kirefu," akasema.

Jibu hilo nilikaa nalo wiki kadhaa. Halafu siku moja Nyaboke alikuja nyumbani, mimi niko jikoni nachambua mboga za saga, yeye nje akiongea na Akoth kwenye simu. Hao wawili walikuwa marafiki hata kabla ya kuwa mawifi. Waliongea Kiswahili, na katika Kiswahili chao nilishika neno moja tu nililolijua: chifu. Nikatoka na mboga mkononi. "Nyaboke, chifu ameingiaje?" Nyaboke hakutaka kusema. Nikamwambia hatakula mboga hiyo mpaka aseme. Ndipo akasema, "Mama, baba mdogo aliwaambia tumekuja kuchukua damu yetu. Kwamba wakimtoa mtoto kwa heri ni sawa, wakikataa tutarudi na chifu. Na mamake Akoth ameapa. Amesema yeye akiwa hai Kemunto hatavuka kurudi Kisii."

Nilimwita Onchari. Sikumpa kiti. Yeye wala hakuona haya, alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto. "Shemeji, mtoto haombwi. Mtoto anadaiwa. Ukienda kuomba watajua wewe ni mdogo." Nikamwambia, "Onchari, mimi ni mdogo. Mimi ni kikongwe anayetaka kumwona mjukuu. Hilo ndilo lilikuwa la kusema." Akasema nitakuja kumshukuru. Hadi leo anangoja. Lakini Onchari si mtu mbaya, naye alimpenda Ombati, nadhani alikuwa analia kwa njia hiyo ya kugonga meza. Tatizo lilikuwa langu: nilimpa mtu mwingine mdomo wangu aubebe, akaubeba jinsi alivyojua.

Rosbela alijua Kiswahili. Mtu hauzi omena Mosocho miaka yote hiyo bila Kiswahili. Kwa hiyo nilimwambia Nyaboke nataka kujifunza Kiswahili cha kukaa na mtu, si cha kununua kitu. Nyaboke akafikiri nitachoka. Akanitafutia simu ya kugusa, akaniwekea ile akili bandia inayotajwa kwenye redio, ambayo unaongea nayo na inakujibu. Kwanza tuliijaribu kwa Kijaluo. Nyaboke akamsikilizisha mteja wake mmoja Mjaluo pale dukani, mteja akacheka mpaka akaketi, akasema hiki ni Kijaluo cha mtu ambaye hajawahi kulelewa na Mjaluo. Tukaijaribu kwa Ekegusii, ikawa kama mtu anayesikia mazungumzo kutoka nyumba ya pili. Kiswahili ndicho ilichokuwa nacho. Basi tukakubaliana na Kiswahili, katikati ya njia, si kwangu wala si kwa Rosbela.

Siku ya kwanza ilinisalimu kwa sauti ya kijana wa kiume, sauti safi ya mtu aliyekula vizuri. "Habari, Kerubo! Leo ungependa kujifunza nini?" Mimi kwetu mtu akikusalimu unamwuliza kwanza ni mtoto wa nani. Nikamwuliza, Nyaboke akinisaidia maneno. Akasema hana wazazi, yeye ni programu. Nilimwonea huruma. Nikamwita Mwalimu, maana lazima mtu awe na jina la kuitwa.

Halafu nikajifunga kitambaa kichwani. Nyaboke akauliza kwa nini. Nikamwambia huyu ni mwanamume wa umri wa mkwe wangu, siwezi kumsemesha kichwa wazi. Na usiku nilipokwenda kulala niliiacha simu jikoni, juu ya rafu ya vikombe. Nyaboke akanijia asubuhi, "Mama, si ungejifunza ukiwa kitandani, kuna baridi." Nikamwambia, "Kitandani? Na sauti hiyo?" Akasema, "Mama, ni mashine." Nikasema mashine yenye sauti ya mkwe ni mkwe. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya wazazi na watoto na wakwe: kuna maneno hayasemwi, na kuna vyumba haviingiliwi, na chumba cha kulala ndicho cha kwanza. Nyaboke alijua haya yote, amelelewa nayo, lakini alitaka kufa kwa kicheko. Akanionyesha jinsi ya kubadilisha sauti iwe ya mwanamke. Nikakataa. Nilikuwa nimeshamsalimia huyu, kumfukuza ingekuwa utovu wa adabu.

Basi Mwalimu akawa mtu wa jikoni na wa shamba. Jikoni kulikuwa na moshi na sufuria ya uji wa wimbi, naye yuko rafuni akinifundisha kusema nimekumbuka, ninakumbuka, nilikukumbuka. Shambani nilimtia mfukoni mwa aproni nikichuma chai, mikono ikivunja majani mawili na kichipukizi, mdomo ukirudia. Jumamosi nilimzima, Sabato ni ya kila mtu. Mvua ikinyesha sana hakunisikia, akawa anasema samahani, rudia tafadhali. Nami nikarudia. Mtu wa umri wangu amezoea kurudia, watu hawatusikii mara ya kwanza.

Wanawake wa kituo cha majani ya chai walinitesa. Tulikuwa tukingoja lori la kiwanda, vikapu vimepangwa, nami nikajisahau nikamwambia Moraa, jirani yangu, "Ningependa kukujulisha kwamba kikapu chako kimeinama." Moraa akapiga makofi. "Ai! Kerubo, unatusomea habari?" Mwingine, Bochaberi, akasema, "Hamjui? Amepata mzee wa Pwani. Wanaongea shambani kutwa." "Huyo mzee anakula nini?" "Anakula bando!" Wakacheka mpaka karani wa mizani akatuambia tunyamaze. Nilicheka nao, lakini nililiona tatizo. Mwalimu alinifundisha Kiswahili kilichopigwa pasi. Rosbela alikuwa mtu wa soko. Nikamwambia Mwalimu, nifundishe kama watu wanavyoongea wakiwa wamechoka. Akajaribu, kusema haki. Alijaribu kila nilichomwambia.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni sifa. Kila nilichosema, "Vizuri sana, Kerubo! Unaendelea vyema!" Siku moja nikamjaribu, nikamwambia ng'ombe amempika mwalimu. Akasema nimejitahidi, sentensi imekaa sawa, ila maana yake si ya kawaida. Nilikaa kwenye kigoda nikawaza: huyu hatanichukia hata nifanye nini. Na kule Oyugis kuna mtu anayenichukia tayari. Nikamwambia basi ajifanye yeye ndiye Mama Akoth na mimi nimekwenda kumwomba mjukuu. Tukaanza. Nikasalimu, akasalimu. Nikaomba, akasema, "Bila shaka, korera, mtoto ni wetu sote, atakuja." Nyaboke, ambaye alikuwa akipiga pasi, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, huyo mkwe wa kwenye simu ni mwepesi sana." Nikamwambia Mwalimu akasirike. Akakasirika kwa adabu. Nikamwambia aongeze. Akaongeza, akasema tumemvunjia heshima na hataki kutuona, na mimi nikapata nafasi ya kujibu, nikajifunza kusema shemeji yangu alisema maneno ambayo sikumtuma. Sentensi hiyo niliirudia chai ikichipuka na kuchumwa na kuchipuka tena. Ndiyo niliyoipeleka Oyugis mwisho wa mwaka, mimi na Nyaboke, baada ya Akoth kutuombea nafasi kwa mamake.

Rosbela alitupokea kwa heshima ya mtu ambaye hataki mtu mwingine aseme hakukupokea. Sebule yake ilipakwa rangi ya samawati, viti vina vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya Ombati na Akoth siku ya harusi ilikuwa bado ipo. Hilo sikulitarajia. Tukaletewa samaki wa ngege na ugali wa mtama, tukala. Nikanawa mikono, nikasema yote niliyoyabeba, kwa Kiswahili, bila kukwama. Nikasema shemeji yangu alisema maneno ambayo sikumtuma. Nikasema sikuja kuchukua, nimekuja kuomba. Nikamaliza, nikangoja.

Hakusema kitu. Alitazama mikono yake. Akoth hakusema kitu. Nyaboke alikuwa ameapa. Nje mbuzi alilia, akanyamaza naye. Mwaka mzima niliongea na mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata mara moja. Nilifundishwa hasira na nilifundishwa samahani, lakini mtu aliyekaa kimya mbele yangu sikuwa nimefundishwa. Nilitafuta kichwani sentensi ya kuongeza, sikuipata. Hatimaye Rosbela akainuka, akafungua pazia la chumba cha ndani, akasema, "Amelala. Ingia umwone." Na akasimama pembeni ameshika pazia.

Nikainuka nikafika mlangoni. Kilikuwa chumba cha Akoth. Na kitanda nilikijua: ni kile Ombati alichotengenezewa na seremala Masimba alipooa, nilikiona kikifungwa kamba juu ya pikapu, Akoth alikuja nacho. Kemunto amelala katikati yake, mguu nje ya shuka. Alikuwa hapo, karibu kuliko alivyokuwa mwaka wote, na miguu yangu ikakataa. Mama wa mume kuingia chumba cha mke wa mwanawe, kusogelea kitanda chao! Nikasimama. Nikamwona Rosbela usoni. Uso ulikuwa unafunga kama duka. Akasema, "Kumbe. Mtoto unamtaka, nyumba yetu ni chafu."

Nyaboke akavuta pumzi aseme. Nikamwinulia mkono. Maneno ya Mwalimu yote yalikimbia, hata moja halikubaki, na haya yangu yakatoka yakiwa uchi. "Korera, hapana. Si uchafu. Sisi kwetu mama haingii mahali mtoto yake alilala na bibi yake. Hiyo kitanda ni ya Ombati. Hata kama amekufa. Amekufa, ndiyo nashindwa zaidi. Mimi nikiingia hapo nimemvua nguo."

 Rosbela akaachia pazia, akajishika kiuno. "Wewe," akasema, "siku ya matanga nilikataa kulala kwenu. Mlinitandikia. Nikaenda kulala kwa mtu nisiyemjua kule barabarani. Mlisema nini?"

Nilijua tulichosema. "Tulisema unaringa."

"Mlinisema mpaka Akoth akasikia. Mimi ningelalaje? Kwetu mama halali kwa mkwe wake. Hata wakinifungia mlango nje na kunanyesha, silali."

"Hukusema."

"Ningesema na nani? Na yule wako wa kugonga meza?"

Aliyecheka kwanza alikuwa Akoth, kwenye kona yake, kitambaa mdomoni, halafu akaanza kulia hapo hapo. Rosbela akaingia chumbani mwenyewe, akambeba mtoto na shuka lake, akanipakatisha. Alikuwa mzito, amekua, ananuka jasho la usingizi. Akafumbua macho akaniuliza kwa Kiswahili cha shule ya chekechea, "Wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi ni nyanya yako wa kule kwenye chai." Akafikiri, akasema, "Uko na mbwa?" Nikasema ninaye, anaitwa Simba. Akarudi kulala, amepata alichotaka.

Nikamwomba tena Rosbela, safari hii bila hotuba. Akasema, "Sitamtuma na mtu. Nitamleta mwenyewe. Nitakunywa uji wako na jua likielekea kuzama nitakwenda, usinitandikie." Na ndivyo alivyofanya kila shule zilipofungwa. Aliketi jikoni kwangu akila ndizi nilizopika, akinisema kwamba chumvi ni kidogo, nami nikimwambia omena yake ya mwisho ilikuwa na mchanga. Tuliongea Kiswahili kibaya kwa furaha. Mwalimu nilimweleza yaliyotokea. Akanipongeza, akasema angeweza kuniandikia upya yale maneno ya mlangoni yawe fasaha zaidi. Nikamwambia asante, mwanangu, yaache. Sikumkasirikia. Bila yeye nisingefika kwenye mlango ule. Pale mlangoni ndipo hakuwa na la kunipa, naye ningemlaumuje, hana mama wala mkwe.

Sasa Rosbela hayupo, na shule zimefungwa. Nilidhani mambo yetu yangeisha naye, lakini baada ya mazishi Akoth aliniambia, "Mama, uje umchukue." Nilikwenda juzi nikamchukua Kemunto. Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani, amenishika kidole, nikaanza kumsimulia jinsi nilivyokuja mara ya kwanza yeye akiwa amelala. Nikasema nilikuwa nimeketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Akanikatiza. "Hapana, nyanya. Ulikaa chini kwenye mkeka. Ulikataa kiti." Nikamwambia, "Wewe ulikuwa umelala, umejuaje?" Akasema, "Dani aliniambia. Kila siku alikuwa ananiambia. Alisema pia wewe ndiye ulilia, si mama." Dani ndiye Rosbela, ndivyo wanavyomwita nyanya kule.

Sikujua kwamba naye alikuwa akiisimulia. Nimefikiri sana juu ya kile kiti. Mimi naona kiti, naona hata kitambaa, lakini Rosbela alikuwa na kichwa kizuri, na ni nyumba yake. Basi mliokuwapo, Akoth na Nyaboke, na nyinyi wengine mliosikia kutoka kwake, kama nimekosea, kiti au mkeka, machozi ya nani, niambieni nirekebishe. Kemunto tayari anaisimulia kwa njia ya dani yake, na anaisimulia vizuri kuliko mimi.